Mkalimani Tu

Kuna watu wanaosamehe. Mama yangu ni mmoja wao, na kwenye jumuiya yetu ya kanisa kule Mwazye wanamtolea mfano. Mimi kipaji hicho sikukirithi. Ukinikanyaga nitakuambia "si neno," lakini kidole kinakumbuka.

Aliyenikanyaga alikuwa mwanafunzi mwenzangu, tuliyekuwa naye mafunzoni katika hospitali moja mjini Sumbawanga. Nitamwita Mshikaji, kwa sababu ndivyo alivyomwita kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini. Alitoka mbali, jiji kubwa, koti lake jeupe halikosi pasi, mdomo mtamu. Kifipa hakujua hata neno moja. Mimi Kifipa nimekinyonya.

Kila mwanafunzi alikuwa na logibuku, yaani kitabu cha kuandika wagonjwa aliowahudumia: umemhoji nani, umempima vipi, umegundua nini. Daktari bingwa akiridhika anatia saini. Mgonjwa mmoja aliandikwa na mwanafunzi mmoja tu, ili tusigombee watu kama kuku wanaogombea punje. Ambaye kitabu chake hakijajaa mwisho wa mafunzo ya wodi hiyo anairudia yote upya, wenzake wanasonga mbele. Mama alikuwa ameshawatangazia wanajumuiya kwamba mwanawe anakaribia kuwa daktari. Nikirudia, angelazimika kwenda kuwaeleza tena.

Wodi ya wanawake ilijaa bibi zetu wa vijijini. Kiswahili wanakisikia kanisani na redioni, lakini maumivu wanayasema kwa Kifipa. Kwa hiyo kila asubuhi Mshikaji alikuja kwangu. "Sista, nipige tafu kidogo, kuna bibi pale simwelewi."

Nilimpiga tafu. Mwanzoni nilijisikia vizuri hata. Ila kazi ya mkalimani, kwa jinsi nilivyoifanya mimi, ilikuwa zaidi ya kutafsiri. Nilikuwa naosha maneno. Bibi akisema, "Huyu mtoto ananibonyezabonyeza kama anachagua nyanya, kwao hawasalimiani?" mimi nilimgeukia Mshikaji nikasema, "Bibi anasema pole na kazi." Mwingine akiuliza kama huyu naye ni daktari au amepotea njia, nilisema, "Anakushukuru." Naye Mshikaji aliinua kidole gumba, akaandika, akaenda zake akiamini wazee wote wa Ufipa wanampenda.

Siku moja alfajiri akaletwa mama mmoja wa Mwazye, kijiji kimoja na mimi. Nilikuwa wa kwanza kufika. Nilimsalimia, nikamuuliza ya nyumbani kwanza ndipo nikauliza ya ugonjwa. Alikuwa na homa na kichomi. Nikamgonga mgongo kwa kidole kama tulivyofundishwa, upande mmoja ukalia vizuri, wa pili ukawa mzito kama gunia lililojaa. Maji kwenye kifua! Nilifurahi, Mungu anisamehe, maana ndiyo mara ya kwanza mikono yangu kugundua kitu bila kuelekezwa na mtu. Nikaandika yote kwenye karatasi, nikaiacha kwenye kabati la kitanda chake, nikaenda kunywa chai.

Nilipopeleka logibuku yangu kwa bingwa mchana ule, hakuisoma hata.

"Huyu ameshaandikwa," alisema.

"Nimemhoji mimi, daktari. Nimempima mimi."

Akamtazama Mshikaji, aliyekuwa amesimama pembeni. Mshikaji akatabasamu, na tabasamu lile ninaliona hadi leo. "Ni kweli alikuwepo, daktari. Alinisaidia sana kutafsiri. Sista yuko vizuri sana."

Bingwa akanirudishia kitabu changu. "Basi wewe ulikuwa mkalimani tu. Tafuta mgonjwa wako."

Tu. Ningeweza kuvumilia "mkalimani." Ile "tu" ndiyo iliyonichoma.

Nje, Mshikaji, ambaye ni wazi alikuwa ameinakili karatasi yangu, alinigonga bega. "Usimaindi bwana, wagonjwa wapo kibao." Nikamwambia si neno. Usiku wote nilijigeuza kitandani nikitafuta namna ya kumkomoa. Kumsema kwa bingwa? Bingwa alikuwa ameshachagua wa kumwamini. Kumtukana? Angecheka. Wakati huo yule mama wa Mwazye alikuwa wa tatu kunyang'anywa kwa mtindo huo, na kurasa zangu zilikuwa tupu huku mwisho wa mafunzo ukikaribia. Nikaamua nisubiri. Wanasema mvumilivu hula mbivu, nami nilikuwa na njaa.

Haikupita wiki. Akalazwa bibi mmoja kutoka huko mbele ya Matai, mjane, tumbo na miguu vimevimba. Kesho yake kulikuwa na raundi kubwa, wodi nzima nyuma ya bingwa, na Mshikaji ndiye aliyepangiwa kueleza habari za mgonjwa huyo mbele ya wote. Akanijia jioni na maneno yake ya tafu.

"Nina kazi maabara," nilimwambia.

Sikuwa na kazi yoyote maabara. Nilizunguka nyuma ya wodi, nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha, sweta nimelifunga hadi shingoni kwa ule upepo wetu, nikasikiliza.

"BIBI, MAMBO?" Mshikaji alipaza sauti, kana kwamba bibi ni kiziwi. Mambo! Kwa mtu wa umri wa bibi yake!

"UNAKUNYWA POMBE?"

"Eeh," akajibu bibi.

"UNAVUTA SIGARA?"

"Eeh."

"ULISHAWAHI KUPASULIWA?"

"Eeh."

Nilijua kabisa ile "eeh" ni ya namna gani. Nimekulia ndani yake. Ningeweza kuingia nikamsaidia. Nikabaki pale pale benchi, miguu imekufa ganzi kwa baridi, nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza kwenye jumuiya ya mama.

Asubuhi tukakizunguka kitanda. Mshikaji akafungua logibuku yake, akasoma kwa ule mdomo mtamu: mgonjwa ni mnywaji wa muda mrefu wa pombe ya ulezi, anavuta sigara, amewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo, tatizo lake ni ini.

Bingwa akafunua shuka, akatazama tumbo la bibi huku na huku. "Kovu liko wapi?"

Mshikaji akainama kutazama, kana kwamba kovu lilikuwepo jana.

"Nauliza, kovu la upasuaji liko wapi?" Bingwa akageuka. "Mkalimani yuko wapi? Njoo hapa."

Nikasogea. Nikamsalimia bibi shikamoo ya kwetu, nikamwambia Tumsifu Yesu Kristo. Akatoa rozari chini ya mto, akaitika milele amina, akashusha pumzi kama aliyetua mzigo. Ndipo akaanza kusema. Mimi nikatafsiri kwa sauti, na siku hiyo sikuosha hata neno moja.

"Bibi anasema hajawahi kuonja pombe wala sigara tangu azaliwe, na anayetaka kubisha akamuulize padri. Anasema hajawahi kupasuliwa. Anasema akilala chali pumzi inakata, kwa hiyo huu mwezi wa pili analala amekaa, ameegemea gunia la ulezi."

Bingwa akachukua kipimo chake, akausikiliza moyo wa bibi kwa muda mrefu. Alipoinuka, sura yake ilikuwa imebadilika. "Ini!" alisema. "Mwulize, kwa nini jana alimwitikia huyu kila kitu?"

Nikauliza. Bibi akamtazama Mshikaji kuanzia viatu hadi kola, akasema maneno marefu. Mshikaji akaninong'oneza, "Sista, tafadhali, sema tu anashukuru."

"Daktari," nikasema kwa sauti, "mwenzangu ananiomba niseme bibi anashukuru. Lakini bibi hashukuru. Bibi anasema, huyu kijana alikuja akanipigia kelele kama anayefukuza nyani shambani. Hakuamkia. Mikono yake baridi kama chura, akaitia tumboni kwangu bila hodi. Sikuelewa anachouliza. Nilimwitikia ili aondoke."

Muuguzi mmoja alilazimika kutoka nje, akacheka hadi tukamsikia kutoka koridoni.

Bingwa alinyoosha mkono. Mshikaji akampa logibuku. Akafungua ukurasa baada ya ukurasa, na kila alipoona bibi wa kijijini alisimama kidogo. Akafika kwa yule mama wa Mwazye. "Huyu mwenye maji kifuani," akaniuliza, "nani alimhoji?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo. Nikamtazama machoni, yeye bingwa mwenyewe, maana na yeye alikuwa na deni lake kwangu.

"Sijui, daktari. Mimi ni mkalimani tu."

Bingwa alitoa kalamu, akakata ukurasa ule kwa mstari, kisha mwingine, kisha mwingine. Mwosha huoshwa. Mchana aliniita ofisini, akaomba kitabu changu, akatia saini wagonjwa wangu watatu bila kuniuliza neno. Samahani hakuomba, nami sikumrahisishia.

Mshikaji alirudia wodi. Bibi alianzishiwa dawa za moyo, na alipoondoka alikuwa analala chali. Watu wangu wa karibu wamewahi kuniuliza kama sikumwonea huruma yule kijana. Nilimwonea, labda kwa muda wa kunywa chai kikombe kimoja. Kisha nikakumbuka lile tabasamu.

Alinijia mara ya mwisho siku niliyokuwa nakusanya vitu vyangu kuhamia wodi nyingine. Koti lake lilikuwa na mikunjo. "Sista, yaliyopita si ndwele. Kuna bibi kaletwa leo, Kifipa kitupu. Nipige tafu, nakungoja pale kitandani kwake. Utakuja?"

Bibi huyo nilikuwa nimeshamhoji alfajiri, na saini ya bingwa ilikuwa imekauka kwenye kitabu changu. Nikamtazama Mshikaji, nikatabasamu vizuri kabisa.

"Eeh," nikamwitikia.

Akaondoka.