Ijumaa Niliyoukausha Msikiti

Jamani, nichekeni taratibu. Ijumaa iliyopita tulikuwa Nguvumali tukibadilisha mabomba ya maji yaliyooza kwa kutu. Nikafunga koki kuu ya mtaa ili tuunge bomba jipya. Adhana ikanikuta na tope hadi magotini, nikatupia kanzu, nikakimbilia msikitini kutawadha.

Bomba likakohoa, likanyamaza. Wazee wamekunja mikono ya kanzu, wanaulizana. Hapo ndipo nilipokumbuka koki. Nikaona heri nilalamike kuliko wote.

“Fundi gani huyu asiye na haya, anafunga maji saa ya swala?”

Nilipoinama kuvua makubadhi, spana ya koki ikachomoka mfukoni, ikalia sakafuni kama kengele ya shule.

Muadhini akaiokota, akanikabidhi kwa adabu.

“Shika, mwanangu. Ukimwona huyo asiye na haya, mwambie wazee wanasubiri udhu.”