Masale Nyuma ya Nyumba

Mume wangu amezikwa Chamazi, kwenye kiwanja chetu, nyuma ya nyumba. Ndugu zake walitaka apelekwe Kilimanjaro, lakini mwenyewe alisema alazwe hapa. Mpaka wa kiwanja aliuweka kwa masale, kama wanavyofanya kwao: safu ya mimea ya majani marefu, ambayo mtu wa kule haing'oi kwa mchezo. Karatasi ya mauziano, yenye majina yetu wote wawili, ilitaja masale hayo tu. Vipimo haikuwa navyo.

Jirani aliyenunua kiwanja cha pili ni mchonga vinyago kutoka Mtwara. Yeye aliona maua. Akayafyeka, akaanza msingi wa ukuta, na msingi ukapita kati ya nyumba yangu na kaburi. Ukuta ukisimama, ningekuwa naomba ruhusa kwenda kwa mume wangu.

Wifi yangu alitaka tukimbilie polisi. Mjumbe wa mtaa akamwambia, "Dada, ardhi ina baraza lake. Polisi watawauliza nani kampiga nani." Baraza la kata lilijaribu kutupatanisha, likashindwa. Ndipo tukaenda baraza la ardhi la wilaya.

Mie niliishia darasa la saba. Nilitegemea kizimba na maneno nisiyoyajua. Nikakuta chumba chenye mabenchi, mwenyekiti ambaye ni mwanasheria, na wazee wawili wa baraza pembeni yake, baba mmoja na mama mmoja. Kesi zilizotutangulia zote zilikuwa za viwanja na nyumba. Niliposema mpaka wangu ulikuwa mimea, hakuna aliyecheka.

Nje wifi alikuwa ameninong'oneza, "Sema ulikuwepo yakipandwa." Mwenyekiti akaniuliza hilohilo.

"Sikuwepo," nikasema. "Nilikuwa hospitali, nimejifungua. Nilirudi nikayakuta."

Wifi akaguna. Yule mama wa baraza akauliza, "Masale yakifyekwa yanakufa?"

"Mzizi ukibaki hayafi, mama."

Mwenyekiti akasimamisha ujenzi, akasema watakuja kuona wenyewe.

Walikuja baada ya mvua. Machipukizi yalikuwa yametoka, mafupi, lakini yamejipanga. Yalipita ng'ambo ya kaburi, kwa hiyo kaburi lilikuwa kwangu. Lakini safu ile ilipoendelea mbele ilikuwa inaelekea kwenye banda langu la kuku, nalo nililijenga upya masale yakiwa yameshafyekwa.

"Hapo banda limeingia kwake," nikasema. "Nilikisia vibaya."

"Wewe nawe, nani kakuuliza?" wifi akasema.

Mzee wa baraza akatabasamu. "Mlalamikaji wetu anajishtaki."

Jirani aliyatazama machipukizi. "Mama, sie kwetu mpaka ni mkorosho. Haya nilidhani umepanda urembo, nikasema nitakununulia mengine."

"Ungeuliza, baba."

"Kweli. Ningeuliza."

Mwenyekiti akatuuliza kama tunaweza kumaliza kwa maelewano, yaandikwe yawe na nguvu ya hukumu. Tukakubali palepale: yeye afukie msingi, mie nihamishe banda.

Tangu mazishi nilikuwa nimezoea watu kuniambia nivumilie. Baraza halikuniambia hivyo. Liliuliza, likaja, likainama kutazama chini. Nadhani ndiyo maana liliwekwa peke yake, kando na mahakama nyingine, kwa ajili ya mambo ambayo lazima uende ukayaone.

Jumapili iliyofuata jirani aligonga, ameshika chipukizi la isale alilolitoa kwenye msingi wake. "Shikamoo mama. Kuna pengo pale, nikasema tulijaze."

Kwa kina mume wangu, anayeomba msamaha huja na isale mkononi. Yeye hakujua. Nikalipokea kwa mikono miwili, tukaenda kulipanda pamoja, karibu na kaburi. Maana yake nilimwambia tulipomaliza.