Nilisema ni Dada

Nilikuwa na miaka tisa nilipomsingizia dada wa kazi aliyetulea. Tulipanga vyumba viwili Kaloleni. Mama aliuza mitumba, na dada huyo, msichana wa kama miaka kumi na sita kutoka Oldonyo Sambu, alibaki nyumbani na mimi na mdogo wangu. Asubuhi moja alikwenda bombani, akanikataza kugusa sufuria ya uji. Nikaigusa. Uji ukammwagikia mdogo wangu kifuani.

Tuliporudi naye kutoka hospitali, mama aliuliza nani kafanya hivi.

"Dada," nikasema.

"Mama, mimi nilikuwa bombani."

Mama akanigeukia. "Alikuwa bombani?"

"Hapana. Alikuwa hapa."

Mama alimpiga dada mpaka jirani akamshika mkono. Mchana ule ule dada akaondoka, nguo zake kwenye mfuko wa rambo.

Mdogo wangu alipona, akabaki na kovu. Mimi nilisoma, nikaolewa, nikazaa. Mwaka jana mama alikuja kwangu, nikamsikia akimwonya binti anayenisaidia kazi: "Uwe mwangalifu na moto. Kuna mmoja aliniunguzia mtoto."

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, ni mimi niliyemwaga."

"Nilimpiga mtoto wa watu," akasema. Akarudi kwake, hakunisemesha wiki nzima. Kisha akapiga simu: "Tumtafute."

Tuliulizia mpaka tukampata sokoni Ngaramtoni, akiuza viazi. Alikuwa amekonda, meno mawili ya mbele hana.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akajibu, macho kwa mama. "Shikamoo, mama."

Mama alishindwa kuitikia. Nikasema yote pale pale, wateja wakisikia. Dada aliendelea kupanga viazi.

"Baba alisema hakuna atakayenipa tena mtoto nimlee," akasema. "Akaniozesha kwa mzee. Mtoto wangu wa kwanza alipokufa kwa homa, mume wangu alisema nimemuua, kama nilivyotaka kumuua yule wa mjini."

Nikaomba msamaha. Akatikisa kichwa.

"Usiniombe mimi hapa. Twende ukaseme nyumbani kwa wakwe zangu."

Tulikwenda Oldonyo Sambu siku ile ile. Mume wake alikwishafariki. Mama mkwe wake, bibi asiyeona vizuri, alikaa juu ya kigoda, wanawe wawili wakasimama nyuma yake. Nilisema kwa Kiswahili, dada akatafsiri kwa Kimaa sentensi baada ya sentensi, bila kupunguza wala kuongeza. Alipofika kwenye neno "nilidanganya", alikwama, akalirudia.

Bibi aliuliza jambo moja. Dada akanitafsiria: "Anauliza kwa nini hukuja mwanawe akiwa hai."

Nikasema niliogopa. Bibi akageuza uso.

Jioni dada alitusindikiza mpaka barabarani. Alimshika mama mkono njia nzima, maana kulikuwa na mawe. Mimi nilitembea nyuma yao. Gari lilipokuja, alimuaga mama tu, akarudi kwao.