Shavu la Mkusanya Nyuzi

Mkusanya nyuzi wa tajiri mmoja wa mji wa Zuriki hakuamini mizani. Kila Ijumaa alipanda vilima na gunia lake la pamba ya kuwagawia wasokotaji, akaingia nyumba hadi nyumba kuchukua uzi waliokwisha kuusokota, na kila kitita cha uzi alikibandika kwanza kwenye shavu la kushoto, macho kafumba, kama mtu anayesikiliza. Shavu lile, walisema wasokotaji, lilijua hata kama uzi umeupigia chafya. Ijumaa moja akabandika uzi wa Bi Regula, ambaye asubuhi ile aliuning'iniza juu ya chungu kinachochemka, unywe mvuke, uongeze uzito na malipo. Shavu likakaa pale muda mrefu. Bi Regula akatazama vidole vyake; mdanganyifu hapewi pamba tena.

“Mama,” mkusanya akasema kwa sauti yake ya puani, “tajiri akiushika hivi, huna kazi.”

Basi. Mkusanya akautandaza uzi ule mabegani mwake, akashuka polepole njia ya juani ili ukauke kabla haujafika mjini. Njia hiyo hupita mbele ya milango yote.

“We Regula!” jirani yake Verena akapaza sauti. “Uzi wako leo umetoka kuoga?”

Majirani wakacheka mpaka bondeni. Bi Regula akatafuta pa kumkasirikia yule mkusanya, hakupaona, akafunga dirisha.