Muuguzi Asiyeketi

Wachimbaji dhahabu wa Bugarama waliojiona wazima walijitolea kupigwa picha za ubongo mjini, zilinganishwe na za waliougua kwa zebaki. Majibu aliyapeleka muuguzi, nyumba kwa nyumba. Kigoda alikikataa kila alikokaribishwa. Alisimama mlangoni, vidole vikichezea ufunguo wa pikipiki, akatangaza kwa sauti ya muuza dagaa: “Kichwa safi, baba! Rudi shimoni.” Kisha huyo, akaenda zake.

Kwa Mabula, ambaye hata malaria ilimpitia mbali, mkewe alisogeza kigoda kwa mazoea tu. “Karibu, dada.”

Muuguzi alikifuta vumbi kwa kiganja, akaketi. “Baba Ndaki,” alimwambia Mabula taratibu, “hebu sogea hapa.”

Mabula alitamani amnyang'anye kile kigoda.