Video Nzito ya Kioda

Mimi ni afisa TEHAMA hapa Mbinga, na nilikuwa najivuna kwamba hakuna kompyuta ya ofisi iliyowahi kunishinda. Ikaja kunishinda video ya mama yangu.

Mama mdogo aliirekodi huko Lipingo, akanirushia kwenye simu: mama na wenzake wakicheza kioda, ngoma ya wanawake wa kule ziwani, wamevaa nguo zao nyeupe. Mwaka mzima nilikuwa sijateremka kumwona. Kila Jumapili nilimpigia, nikamuuliza hali, akasema mzima, nami nikaridhika. Hiyo video ndiyo niliyokuwa nayo badala ya kwenda, na nilitaka nimwone vizuri.

Lakini ilikuwa nzito, inakwenda polepole. Mama, ambaye kwenye kioda hashikiki, aliinua mguu kama mtu aliyekanyaga tope. Nikaihamishia kwenye kompyuta ya ofisini. Huko ikawa inagandaganda kabisa. Nikagundua draiva, programu ya kuendesha kadi ya picha, haipo, nikaiweka. Nikajaribu video ya harusi ya jirani, watu wakarukaruka vizuri tu. Nikarudi kwa mama: kuganda kumekwisha, uzito uko palepale, kama kwenye simu.

Sikuelewa. Nikaweka Windows upya. Nikaiondoa, nikaweka Linux. Mama akaendelea kuinua mguu vilevile. Siku ya nne nilikuwa sijui tena nilichokwisha kujaribu na nisichojaribu, na kwa hasira nikaipiga meza kofi.

Mama wa masjala, ambaye ni mwanakwaya parokiani, akaja kuona kulikoni. Alisikiliza tu, kioo hakukitazama.

"Mwanangu, mashine ikivuta, si na sauti zingevutika zikawa nene?" akasema. "Hawa sauti zao ziko sawa. Wanaimba polepole wenyewe."

Nikampigia mama mdogo. Nilimwamkia, akaitikia, nikamuuliza kwa nini siku ile ngoma ilipigwa vile.

"Tulimpunguzia mwendo mama yako," akasema. "Miguu imemvimba, pumzi hana. Akang'ang'ania kucheza, basi tukaona bora sisi tumfuate yeye. Alitukataza kukuambia."

Nilijisikia mjinga, kisha nikaogopa. Niliomba ruhusa, na kesho yake asubuhi nikapanda gari la Mbamba Bay, halafu bodaboda hadi Lipingo.

Nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile video uliiona?"

"Niliiona."

"Nilicheza vizuri?"

Nilikuwa nimemtazama siku nne nzima, mara nisizoweza kuzihesabu, na muda wote huo nilikuwa naiangalia mashine.

"Ulicheza vizuri, mama," nikamwambia.

Akavuta kanga, akafunika miguu.