Jina Langu Ndani ya Mita

Utomvu wa msindano, yaani mpaina, ukigusa chuma cha moto hutoa harufu kali, ya kukereketa kidogo, kama ubani uliochanganywa na ganda la ndimu. Juzi nilikuwa Sumbawanga, nikipita tu kama ilivyo desturi yangu ya kutotulia, seremala mmoja akatupa kipande cha mbao mbichi kwenye jiko lake. Nikasimama pale barabarani hadi wenzangu wakaniuliza kama nimesahau mzigo kwenye gari.

Nina miaka arobaini na kitu sasa. Harufu ile niliijua nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge huko Tanga, na sisi watoto tukagawanywa kwa ndugu kama sahani baada ya harusi. Mimi niliangukia kwa Mama Mkubwa Mwanahawa, dada yake mama, aliyeolewa nyanda za juu kusini, akafiwa na mume akabaki hukohuko. Nilipanda basi hadi Dar es Salaam, nikalala kwa mjomba siku mbili, kisha nikawekwa kwenye treni chini ya uangalizi wa mama mmoja aliyekuwa akipeleka nazi Mbeya. Tuliona twiga. Tulinunua ndizi Mlimba. Halafu treni ikaanza kupanda, ikaingia mahandaki, nami nikahesabu hadi nikapotea, na kila tulipotoka gizani hewa ilikuwa imezidi kuwa baridi. Makambako nilishuka na shati la mikono mifupi huku meno yakigongana. Mama Mkubwa alikuwa kituoni na sweta mkononi.

"Vaa," alisema. "Kulia utalia nyumbani."

Kazi yake ilikuwa kufufua mita. Zamani alikuwa ameajiriwa Njombe, kwenye kiwanda kimoja cha serikali, chumba cha vipimo. Kiwanda kilipouzwa, mwenye mali mpya hakutaka vikorokoro. Akavitupa uani, na Mama Mkubwa akanunua kreti nzima ya mita mbovu kwa bei ya chuma chakavu. Zilikuwa mita za kupimia umeme, za zamani, nyeusi, nzito kama tofali, zenye mshale chini ya kioo na swichi ya kuzungusha katikati. Chumba chake karibu na stendi kilikuwa na meza moja, jiko la mkaa la kupashia chuma cha kulehemu, na kopo la utomvu wa msindano aliotuma watu wamkingie mashambani, maana dawa ya kulehemu ya dukani ilikuwa adimu. Mita akishaifufua aliiuza kwa mafundi wa Iringa au Songea, au aliitumia mwenyewe kutafuta ubovu kwenye redio na nyaya za watu.

Mimi nilifundishwa kazi kuanzia wiki ya kwanza. Ukifungua mita, unafunga kitambaa mdomoni ili pumzi yako isiloweshe springi, ambayo ni nyembamba kuliko unywele. Vumbi la chuma lililonasa kwenye sumaku hulitoi kwa kupuliza, unalinyanyua chembe moja moja kwa njiti ya kiberiti iliyochovywa nta. Mshale uliopinda unanyooshwa kwa kibano cha nyusi. Kisha unapima betri mpya ya redio, unaona kama mshale unasimama panapostahili. Chini ya mshale kuna ukanda wa kioo cha kujitazamia, na huruhusiwi kusema umesoma kitu mpaka uwe umefumba jicho moja na mshale umefunika kivuli chake.

"Umefunika?" alikuwa akiniuliza.

"Nimefunika."

"Haya, nisomee."

Mita ikizidisha kidogo, hakuhangaika nayo sana. Alibandika karatasi mgongoni na kuniamuru niandike inazidisha kiasi gani. "Mita inayosema uongo uleule kila siku ni rafiki," alisema. "Ogopa inayosema kweli leo na kesho imebadilika." Tena kulikuwa na sheria aliyotoka nayo kiwandani: anayeifunga mita ndiye anayeandika jina lake ndani ya kifuniko, na ikiulizwa jambo, anajibu yeye. Mwaka wangu wa pili nilifufua mita peke yangu tangu kutu hadi kioo, nikaandika humo IDDI kwa msumari.

Mita hiyo ndiyo aliyoibeba siku ya mashine ya Mzee Mwalongo.

Mzee Mwalongo alikuwa Mbena wa Kitandililo mwenye mashine ya umeme ya kusaga pale mjini. Siku tatu mashine ilikuwa inanguruma bila kuzunguka. Alimwita kwanza Kastori, fundi kijana aliyerudi kutoka Dar na mita mpya ya namba, ndogo kama kipande cha sabuni, ya rangi ya njano. Kastori alipima njia zote tatu za umeme, akaona namba nzuri kwenye zote, akahukumu kwamba mota imeungua na ipelekwe Dar ikasukwe upya. Lori lilikuwa limeshapatikana. Mama Mkubwa aliposikia alisema sokoni, mbele za watu, kwamba mtu asifungue mota kabla yeye hajaiona. Maneno hayo yalitosha kuliweka jina lake rehani. Kama angekosea, nani tena angempelekea hata tochi?

Tulikuta kinamama na ndoo zao za mahindi wamekaa ukutani, na mota imeshatenganishwa na nyaya zake.

"Kamwene, Mama," alisema Mzee Mwalongo.

"Kamwene, Baba. Lori lisubiri kidogo."

Kastori akaitazama mita yetu. "Mama, hiyo redio yako inashika stesheni gani? Tuwekee taarabu, tunangoja lori."

Kinamama wakacheka. Mama Mkubwa naye akacheka. Aligusisha nyaya kwenye mota nami nikasoma: mizunguko yote mitatu ya waya wa ndani ilikuwa sawasawa. "Mota ni nzima," alisema. Akageukia nyaya za ukutani. Ya kwanza, mshale ukaruka hadi mia mbili na ishirini. Ya pili vilevile. Ya tatu mshale ukatikisika, ukaanguka, ukalala kwenye sifuri.

"Sifuri," nilisema.

Kastori akaweka yake palepale. Namba zikawaka: mia mbili na kumi. Akaiinua juu kila mtu aone. "Mnaona wenyewe! Ile imekufa. Imekufia mkononi mwa mtoto."

Kicheko cha safari hii kilikuwa kingine. Nilifikiria springi, nilifikiria chembe ya chuma niliyoweza kuisahau kwenye sumaku. Mama Mkubwa alinigeukia mimi.

"Iddi. Ndani humo kuna jina la nani?"

"Langu."

"Basi jibu. Imekufa, au ndivyo umeme ulivyo?"

Nilichukua nyaya. Nikarudi kwenye njia ya kwanza: mia mbili na ishirini. Ya tatu: sifuri. Ya pili: mia mbili na ishirini. Ya tatu tena. Nilifumba jicho, nikangoja mshale ufunike kivuli chake, na nilipokuwa nimeinama hivyo hofu ikaniisha.

"Mita yangu ni nzima," nilisema. "Njia hii haina umeme wa kufanya kazi. Ule unaoonekana kwenye mita ya namba ni harufu tu."

"Baba Mwalongo," alisema Mama Mkubwa, "zima umeme, mfukue waya huu kutoka kwenye nguzo hadi hapa."

Mzee alimtazama, akalitazama lori. Akaagiza jembe. Hatua kumi na mbili kutoka ukutani waliukuta waya umeliwa na unyevu ndani ya mpira wake, umebakiza masizi meusi yanayopitisha umeme wa kudanganyia mita nyepesi na usiotosha kuzungusha hata feni. Wakaunga kipande kipya, na jioni ile watu walisaga. Kastori mwenyewe alikuja kesho yake kuulizia bei ya mita ya mshale, na Mama Mkubwa akamwambia asubiri zamu yake.

Nilipofaulu darasa la saba nikapangiwa sekondari Tanga. Nilisema nitabaki, kazi zilikuwa nyingi. "Nilianza mita kabla mama yako hajaolewa," alinijibu. "Nenda kasome." Kituoni aliharakisha kila kitu. Nilipokaa dirishani nikamwita, akapunga mkono kwa nguvu, akitabasamu, kuelekea dirisha la behewa la jirani, ambako mama mmoja mwenye mtoto alimpungia pia. Nilicheka nikidhani ananitania. Sikurudi tena kuishi Makambako.

Mwaka huu nimeanza kushika gazeti mbali na uso, ndipo yote yakajipanga. Mama Mkubwa alitambua wateja kwa sauti. Karatasi za mgongoni niliandika mimi. Wala sikuwahi kumwona akifumba jicho moja juu ya kioo kile. Siku ya mashine hakuuona mshale. Alimfanya Mzee Mwalongo afukue uwanja wake kwa neno langu tupu. Na pale kituoni alijua kuwa anayapandisha macho yake kwenye treni, akanihimiza nisichelewe.